Nailoni Tuliyoitandika Chini ya Wodi

Ninyi vijana wa ujenzi, nimewaona. Mnaingia dukani, mnashika nailoni ya msingi kwa vidole viwili, mnaivuta kidogo, mnasema, "Hii ngumu, nikatie," na mnaondoka. Mmeshachagua. Hata nyanya za sokoni mnazigeuza kuliko hivyo. Nyanya ikioza utaitupa, lakini nailoni ukishamwaga zege juu yake ndiyo basi, hutaiona tena mpaka nyumba ibomolewe.

Kwa hiyo kaeni hapa niwaambie. Mimi nilikuwa mshona maturubai ya malori hapa Manyoni, jirani na stesheni, tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Watu huniita Mama Zena. Nailoni za nyumba zilinifuata kibandani kwangu kwa sababu hakuna roli lenye upana wa nyumba, lazima vipande viungwe, na mikono ya mwashi imezoea tofali. Nimeunga nyingi. Nyingine zilikuwa za kuzuia unyevu tu, na hizo hazina hadithi. Ile ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya kuzuia pumzi ya ardhi, chini ya wodi ya wazazi katika kijiji kimoja kule bondeni, ukiteremka Kilimatinde kuelekea Kintinku. Jina la kijiji nalihifadhi, wenyewe wapo na hawapendi kusemwa. Huko ndiko alikoolewa mwanangu Zena, na mimba yake ilikuwa inakua huku msingi wa wodi ukichimbwa. Angezalia humo. Mkijua hilo mtaelewa kwa nini nilikuwa mkali kwa kila mtu mwaka ule.

Aliyenifundisha kwamba ardhi inapumua ni Fundi Ntandu. Huyu alikuwa mwashi, Mnyaturu mrefu mwenye sauti ya chini, lakini ujanani alichimba visima, na mchimba visima hukaa na woga fulani mpaka kufa. Siku moja tulikwenda kijijini kwa mkwe kumpelekea turubai, akaniambia, "Njoo uone kitu." Akanipeleka kwenye kisima cha zamani kilichoachwa, kikavu. Akawasha koroboi, akaifunga kamba, akaishusha. Haikufika mbali. Chini kidogo tu ya mdomo wa kisima, mwali ukafa. Nikasema upepo. Akaivuta, akaiwasha tena, akanipa mimi kamba niishushe mwenyewe. Ikazimika palepale pa kwanza, kama vile kulikuwa na maji mle ndani nisiyoyaona na taa imezama.

"Inama," akasema. "Nusa kidogo tu, halafu urudi haraka."

Niliinama. Hakuna harufu. Ila pua ilichoma, vile inavyochoma ukinywa soda uliyofungua sasa hivi ikakupanda puani. Nikarudi nyuma nikakaa chini bila kupenda. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nimetembea juu ya ardhi maisha yangu yote, wala sikuwahi kudhani kwamba ina kitu cha kunipulizia.

Tulikaa pale tukila mihogo. Wingu likaanza kujikusanya upande wa Dodoma, lile zito la masika. Ntandu akawasha koroboi, akaiweka juu ya mdomo wa kisima, haikuwa hata ndani. Ikazimika.

"Imepanda," akasema. "Ikisikia mvua, inatoa pumzi. Marehemu baba alitukataza kushuka kisimani wingu likisimama."

Baadaye Bwana Kiondo, mhandisi wetu wa wilaya, alinieleza sababu. Kabla ya mvua hewa ya juu hupungua uzito, ile ya chini inakosa wa kuikandamiza, inapanda. Nilimshukuru kwa maelezo. Lakini niwaambie kweli, maelezo hayakupunguza kitu. Mpaka leo wingu likisimama natazama chini, sitazami juu.

Sasa turudi kwenye nailoni, maana nimeona mmoja wenu anapiga miayo.

Enzi za kibali hakukuwa na kuchagua. Ukitaka kitu chochote cha ujenzi unapanga foleni, unapewa kilichopo, unasema asante. Nikipata turubai la jeshi lililochakaa nilijiona tajiri. Kisha biashara ikafunguliwa. Kufumba na kufumbua maduka yakajaa. Nailoni nyeusi, nyeupe, ya bluu, yenye nyuzi ndani, yenye kung'aa, nyingine imeandikwa maandishi ambayo hata mwenye duka hajui yanasomwa kuanzia upande gani. Tulifurahi kama watoto. Hatukujua kwamba kuchagua nako ni kazi ya kujifunza. Watu tuliozoea kupewa tulichagua kwa rangi.

Mimi nilijifunza hivi, na ninyi shikeni. Kwanza, inyooshe juani uitazame kwa chini. Ukiona nyota, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga, irudishe. Pili, inuse. Ile iliyotengenezwa kwa takataka zilizoyeyushwa hunuka kama ndoo iliyoungua, na itapasuka kwenye mikunjo kabla mjukuu wako hajaanza shule. Tatu, ikunje, ikanyage mkunjo kwa kisigino, ikunjue, utazame kama imepata alama nyeupe. Kama imepata, hapo ndipo itakapokatika. Na mshono, jamani, usishone. Kazi yangu ya kwanza ya nyumba niliishona kwa uzi wa turubai, mshono maradufu, mzuri sana, nikamwita Ntandu aje aone. Akaja na ndoo ya maji, akamwaga juu ya mshono. Chini ikanyesha mvua. Kila tundu la sindano lilikuwa bomba. Akaniambia, "Mama Zena, umetengeneza chekecheo," na jina hilo la Mama Chekecheo lilinikaa stesheni mpaka wapagazi wapya wakadhani ndilo langu la ubatizo.

Baada ya hapo nikaanza kuunga kwa pasi ya mkaa. Unalaza kipande juu ya kipande upana wa kiganja, unaweka gazeti juu, unapitisha pasi taratibu huku unahesabu pumzi zako. Ikiwa baridi haishiki, ikiwa kali inatoboka. Mkono ndio unaojua.

Basi, kijijini. Watu hawakuijua ile hewa mpaka walipoanza kujenga nyumba za kisasa. Katika tembe haikumdhuru mtu. Tembe ina nyufa, ina mlango wa miti, ina moshi unaotoka na upepo unaoingia, na ardhi ikipumua, pumzi inapita kama mgeni anayekatiza uwanja. Kisha kijana mmoja aliuza alizeti zake vizuri, biashara ilikuwa imeshafunguka, akajenga nyumba ya tofali, bati, madirisha ya kioo. Sakafu akapiga saruji nyembamba juu ya udongo mtupu. Lakini desturi hakuiacha. Wagogo wa kule hulaza mbuzi wachanga ndani kwa kuogopa fisi, naye akalaza vitoto vyake vya mbuzi sakafuni kando ya kitanda, akafunga madirisha yake mapya. Asubuhi vilikuwa vimekufa vyote, vimelala vizuri kabisa, hakuna jeraha, hakuna povu. Yeye na mkewe juu ya kitanda waliamka na kichwa kizito tu.

Mnajua kilichofuata. Uchawi. Na aliyetajwa ni Bibi Chiku, jirani yake, mkunga wa kijiji, mwanamke aliyempokea yule kijana mwenyewe alipozaliwa. Mbuzi wafe bila alama na kuna bibi kizee jirani, nani atatafuta sababu nyingine? Watu waliacha kumsalimia. Ukiona huku kwetu mtoto anampita mzee bila shikamoo, ujue mambo yameharibika.

Ntandu alipopata habari alipanda gari la mizigo siku ileile. Akawakusanya watu mchana, wakati wingu limesimama, akafunga madirisha ya ile nyumba, akasubiri. Kisha akaingia na koroboi. Juu ya kitanda inawaka. Akaishusha polepole mbele ya macho yao. Karibu na sakafu mwali ukaruka, ukawa bluu, ukafa. Akarudia. Akampa mwenye nyumba afanye mwenyewe. Ndani mle watu wakatazama miguu yao. Bibi Chiku alikuwa amesimama mlangoni. Hakudai kuombwa radhi. Alisema tu, "Kwa hiyo tunalala juu ya mdomo wa kitu." Akarudi kwake. Kesho yake watoto wakaanza tena kumwamkia.

Wodi ilikuja baada ya hapo. Zahanati ilikuwepo ya chumba kimoja, na serikali ya kijiji ilitaka chumba cha wazazi. Bwana Kiondo alikuja na kifaa alichoazima Dodoma, akakitembeza kijiji kizima akiandika. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vikubwa, mpole, ukimwambia jambo anasubiri umalize. Alituambia ufa wa bonde unapita chini kwa chini, na kuhamisha uwanja hakutasaidia sana, maana kila mahali pana pumzi, pengine kidogo pengine zaidi. Hewa yenyewe ni ile tunayoitoa sisi puani, ila ardhi inaitoa kwa wingi, na kwa kuwa ni nzito inatambaa chini kama maji.

"Kwa hiyo tutaweka tabaka la kokoto chini, na bomba la kuitoa nje," akasema, "na nailoni nzito juu ya kokoto. Hata kama kidogo kitapenya, vitanda viko juu. Haitawafikia."

Bibi Chiku alikuwa amekaa kwenye mkeka na wazee. Akauliza, "Vitanda vya nini, mwanangu?"

"Vya kuzalia, bibi."

"Wanawake wa hapa hawazalii kitandani. Wanapiga magoti sakafuni, wameshika kamba ya darini. Hata nesi wetu ameshakubali, maana aliwapandisha wakashuka. Mtoto anatokea chini. Pumzi yake ya kwanza anaivuta hapa." Akaweka kiganja kwenye mkeka, karibu na ardhi.

Sijui wengine waliona nini. Mimi niliona vile vitoto vya mbuzi. Niliona na Zena wangu amepiga magoti.

Bwana Kiondo akafunga daftari lake. "Basi hakuna 'kidogo' tena," akasema. "Asante, bibi. Lazima isipenye kabisa."

Hapo ndipo tulipokosana, mimi na yeye. Mimi nilikuwa na nailoni yangu nyeusi, nzito, niliyoiamini kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ungeweza kuivutia trela. Aliishika, akaisifu, akasema, "Kwa unyevu ni nzuri mno, Mama Zena. Kwa hewa hii, na kwa watoto walio chini vile, haitoshi. Hewa itapita ndani yake."

"Ndani ya wapi? Haina tundu hata moja."

"Ndani yake yenyewe. Polepole."

Nilikasirika. Nikamwambia labda huko chuoni nailoni zao zinatengenezwa kwa mtindi. Hakukasirika. Akaniuliza kama nina dagaa nyumbani. Nikasema ninao, wa Kigoma, walioletwa na treni. Akasema, "Wafunge kwenye kipande cha nailoni yako, uunge pande zote kwa pasi kama unavyojua. Wengine wafunge kwenye karatasi ya fedha ya majani ya chai, ile yenye plastiki ndani, nayo uiunge. Weka kabatini. Kesho fungua kabati unuse."

Nilifanya kwa dharau. Niliunga ile ya kwangu kwa pasi mpaka nikaizamisha kwenye maji kuhakikisha, hakuna kiputo hata kimoja. Nikafungia vyote viwili kabatini kwenye khanga. Kesho yake kabla sijafungua kabati nilimkuta paka amekaa mbele ya mlango wake anaomba dua. Nilipofungua, khanga zangu zilikuwa zinanuka Kigoma nzima. Nikampa paka vifurushi vyote viwili. Kile cheusi alikirukia akakiparua. Kile cha fedha alikipita kama jiwe.

Nilikaa kitandani nikavitazama. Kitu hakina tundu, maji hayapiti, na bado kitu kingine kinapita katikati ya mwili wake kama sala inavyopita ukuta. Nilikuwa nimeshika nailoni nusu ya maisha yangu na sikuijua. Niliona aibu kidogo, lakini zaidi niliona dunia imekuwa kubwa ghafla, mle ndani ya kabati. Nilikwenda kwa Bwana Kiondo nikamwambia, "Tutafute ya fedha." Alicheka mpaka akakohoa, maana nilimpelekea na khanga anuse.

Nailoni ya namna hiyo ipo. Ina tabaka la madini jembamba katikati ya plastiki mbili, na nyuzi za kuizuia isichanike. Kuipata ndiyo kazi. Tulikwenda Dodoma, duka kwa duka. Mwenye duka mmoja alituletea roli linalong'aa mpaka unachana nywele kwa kujitazama. Nililikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka na fedha yote, chini nyeusi. Rangi tu. Akasema, "Mama, ndiyo inayotoka sana." Nikamjibu kwamba inatoka kweli, nimeona. Kumbukeni hilo mnapochagua: ya kweli ukichana ukingo wake utaona tabaka, kama ukichana ganda la kitunguu. Ya uongo ina uso tu.

Ya kweli tuliikuta mahali pasipotarajiwa. Muuza mbegu mmoja alikuwa ameitundika uani kuzuia jua lisipige magunia yake. Alinunua mabaki bandarini bila kujua ni nini, na roli jingine alikuwa amelisimamisha kwenye kona, kuku wanalalia. Bwana Kiondo alichana ukingo, akanionyesha. Hatukusema kitu mpaka bei ilipokubaliwa, maana hata mhandisi akikaa Manyoni anajifunza.

Kuitandika kulikuwa na vita vyake. Siku ya sakafu, katika kijiji kile, si siku ya fundi. Ni siku ya wanawake. Wanakuja na vipande vya mbao, wanajipanga mstari, wanaimba na kuipiga ardhi mpaka inalia kama ngoma. Nyumba ambayo haikupigwa hivyo wanasema haina miguu. Walikuja wamevaa vizuri, kina mama wazima na wasichana, na mbao zao begani, wakanikuta nimetandika fedha yangu juu ya mchanga, nimevua viatu, natembea kwa vidole. Nikawapigia kelele. Niliwaambia atakayekanyaga humo nitamfunga kwa mkanda wa lami. Nyimbo zikakatika. Mmoja akasema kwamba Mama Zena anataka wodi iwe ya serikali, si yao, na kama si yao hawatazalia humo. Wengine wakageuka kuondoka.

Bibi Chiku ndiye aliyetuokoa. Aliniuliza, "Chini ya hicho kitambaa kuna nini?"

"Mchanga, na chini yake kokoto."

"Zimeshapigwa?"

Zilikuwa zimeshindiliwa na vibarua wa Ntandu, kwa uvivu. Nilimtazama Ntandu. Ntandu akatazama pembeni. Basi tukaikunja nailoni yote, tukaitoa nje, tukazoa na mchanga, na wanawake wakaingia. Waliipiga kokoto ile tangu asubuhi mpaka jua likainama. Wakatandaza mchanga, wakaupiga na wenyewe mpaka ukawa laini kama shavu, hakuna ncha moja ya jiwe iliyochungulia. Wakati wanaimba nilisimama ukutani na nilisisimka mwili, kwa sababu chini ya nyimbo zao, kwenye bomba la kutolea hewa ambalo Ntandu alikuwa ameshalisimamisha, nilisikia mlio mdogo. Kila mbao zikishuka pamoja bomba linatoa pumzi, hu, hu. Walikuwa wanaipiga ardhi nayo inaitikia. Bibi Chiku alisikia pia. Aliacha kuimba, akaweka mkono juu ya mdomo wa bomba, akafumba macho.

Kesho yake tulitandika. Ile yenye madini haipigwi pasi, moto unakimbia kwenye madini na kuunguza usipopataka. Inaungwa kwa mkanda wa lami unaonata, unaukandamiza kwa roli la mti. Kwenye mabomba yanayopita sakafuni ndipo ushonaji wangu ulipofaa. Kila bomba nililikatia kola, kama kola ya shati, nikaivisha, nikaifunga shingoni. Ukingoni nikaipandisha ukutani mpaka juu ya usawa wa sakafu. Kisha Ntandu akachoma majani mabichi kwenye pipa, akasukuma moshi chini ya nailoni kwa kupitia bomba la nje, na sisi tukalala kifudifudi ndani tukitazama. Moshi mwembamba ukatoka kwenye kona moja, uzi tu. Kibarua aliyelaza tofali pale kushikilia ukingo alikuwa amelikokota, likaitoboa nailoni. Tukabandika kiraka kikubwa kuliko kidonda, tukasukuma moshi tena. Safari hii hakikutoka kitu. Vijana, msimwage jamvi, yaani zege la sakafu, bila moshi. Atakayewaambia hakuna muda, mwambieni alale yeye humo na mwanawe.

Na bomba la nje msilisahau kamwe. Usimzibe mtu mdomo na pua. Ardhi hutaishinda kwa kuizuia, utaipa njia yake nayo itakuachia yako. Hilo alilisema Ntandu, na Bwana Kiondo aliliandika.

Jamvi likamwagwa, wodi ikaezekwa. Ikapakwa chokaa. Na ikakaa tupu. Watu waliisifu na kuipita. Mama mkwe wa Zena, mwanamke mwema na mwoga, alisema mtu wa kwanza kuzalia juu ya kitu kile asiwe wa kwake. "Mama Zena, wewe unaijua nailoni," aliniambia, "lakini mdomo wa kitu unaujua?" Nilikuwa nimenusa kisima. Nilikuwa nimewaona mbuzi kwa macho ya akili kila nilipofumba macho. Nilimwambia Zena achague mwenyewe, na kwamba hata akizalia kwenye tembe ya bibi yake sitanuna.

Zena alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Wewe umelala humo kifudifudi ukitazama moshi, mama," akasema. "Nitazalia humo."

Uchungu ulimshika mchana, mvua za kwanza. Wingu lilikuwa limesimama juu ya mteremko wa Kilimatinde, jeusi, halisogei, hewa imekufa kabisa. Kuku walikuwa wamejikunyata. Kama ungeniambia nichague siku mbaya kuliko zote kwa kazi ile, ningechagua hiyo. Nesi na Bibi Chiku wakamwingiza, wakafunga kamba. Bibi Chiku akasimamisha koroboi sakafuni, palepale karibu na magoti ya mwanangu, na akanitazama mimi. "Ikizimika," akasema, "tutambeba." Kisha akanitoa nje, kwa sababu huku kwetu mama hakai anapozaa bintiye.

Ndani nilimsikia Zena. Sijui niliuzunguka ukuta ule mara ngapi. Mwishowe nilijikuta nyuma ya nyumba, kwenye bomba. Lilikuwa linanguruma. Sijawahi kulisikia hivyo, kabla wala baada. Ardhi yote ile, bonde lote, lilikuwa linatoa pumzi yake kwa mdomo mmoja mdogo wa bomba, usawa wa kichwa changu, baridi, inachoma pua. Niliweka kiganja juu yake na kikasukumwa. Nilisimama hivyo nikiomba, sikuomba kwa maneno, nilibaki na kiganja tu, na niliogopa na sikutaka kuondoka.

Kisha tone la kwanza la mvua likanipiga mkononi, na upande wa pili wa ukuta, chini kabisa, karibu na sakafu, mtoto akalia.